Mwalimu wa Vipimo na Programu ya Kuchora

Kabla ya kusoma kipimo chochote alikigonga kioo chake kwa ukucha, mara mbili, kisha akasubiri. Mshale ukitikisika na kurudi palepale, aliandika. Ukihama hata kidogo, alikunja uso, akagonga tena. Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Vipimo, na baada ya muda hata walimu wenzake walisahau jina lake, wakawa wanaandika hivyohivyo kwenye ratiba. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi pale Moshi, yeye mwalimu, mimi fundi sanifu. Mpaka leo mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, najikuta naanza na kile kidole.

Mikono yake ilikuwa misafi kupita kiasi. Karakana nzima ilinuka grisi, sote tulikuwa na kucha nyeusi, lakini yeye aliweka beseni la maji na kipande cha sabuni karibu na mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa waya kabla ya kunawa. Bisibisi yake ndogo hakumwazima mtu. Niliwahi kumwomba siku bisibisi yangu ilipovunjika, akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, nitakuja kukufungulia hicho unachotaka kufungua." Na kweli alikuja, akafungua, akaondoka na bisibisi yake. Lakini mtu huyohuyo alinakili kwa mkono kurasa na kurasa za maelezo na kuwagawia wanafunzi bure, na ukimwambia umepotezewa zako, alikaa chini akakuandikia nyingine bila neno.

Mjini kulikuwa na duka la spea za redio la mzee mmoja Mhindi, na wawili hao walikuwa na ugomvi wa miaka mingi ambao wote wawili waliufurahia. Mwalimu aliingia na mita yake mfukoni, akaomba kuonyeshwa rezista, akazipima moja moja pale kwenye kaunta, akachagua moja.

"Mwalimu," mzee alimwambia mbele yangu siku moja, "mwaka huu umenunua nne, umepima mia."

"Hizo nyingine tisini na sita," Mwalimu akamjibu, "sasa unajua zipi ni mbovu. Sikukudai chochote."

Mzee akacheka, akamsogezea kiti.

Watu wengi walidhani mtu wa namna hiyo angeiogopa kompyuta. Alikuwa amepita miaka hamsini, aliandika kwenye kibodi kwa kidole kimoja akitafuta kila herufi, na sauti yake ilishuka kila alipopita karibu na chumba cha mhasibu, ambako ilikuwepo kompyuta pekee chuoni. Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kumiminika mjini, televisheni madukani, mitumba kila kona, simu za mkononi kwenye mikanda ya wafanyabiashara wachache. Ndipo chuo kikapokea msaada kutoka kwa marafiki wa ng'ambo: kompyuta ya pili, na pamoja nayo boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na sidii, kitabu kinene cha Kiingereza, kadi ya kijani ya kuchomeka ndani ya kompyuta, na kisanduku cha plastiki chenye skrubu nyingi za kufungia nyaya. Mtaalamu aliyekuja kutufundisha alikaa siku mbili. Ya kwanza alifunga kadi. Ya pili alipelekwa kuuona mlima, na mlima ukashinda umejifunika mawingu.

Mkuu wa idara akalifungia boksi kabatini mpaka mtaalamu arudi. Likakaa humo karibu mwaka. Kisha asubuhi moja Mwalimu akaenda kuomba ufunguo. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Mtaalamu bado," mkuu alisema.

"Mtaalamu harudi."

"Basi nani atatufundisha?"

"Kitabu kimo humo ndani," Mwalimu alisema. "Hakuna aliyekifungua kukiuliza."

Tulianza kukaa kwenye ile kompyuta kila alasiri baada ya vipindi, yeye na mimi, kamusi ikiwa katikati yetu. Mke wake aliishonea kompyuta nguo ya kitenge ya kuizuia vumbi, na kila siku Mwalimu aliivua, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kiti cha peke yake.

Nilikuwa nimesoma programu kidogo chuoni, zile za kuandika mstari baada ya mstari. Hii haikuwa hivyo. Hii ilichorwa. Kwenye skrini kulikuwa na madirisha mawili. La kwanza lilikuwa na vitufe, taa na saa za vipimo kama ubao wa mbele wa mashine. La pili lilikuwa na vijisanduku vilivyounganishwa kwa nyaya za rangi, na humo ndimo kazi yenyewe ilimofanyika. Kitabu kilikuwa na majina marefu ya madirisha hayo. Mwalimu aliyatafuta kwenye kamusi, akatikisa kichwa, akaamua kuyaita uso na tumbo. Tangu siku hiyo, hata wanafunzi waliokuja kuhitimu na kuajiriwa Dar walisema "fungua tumbo tuone."

Kilichompendeza kuliko vyote ni mshale wa kuwashia. Nyaya zikiwa sawa, mshale ulikuwa mzima. Ukikosea kuunganisha, ulionekana umevunjika, na programu haikukubali kuanza. "Laiti mita zote zingekuwa hivi," aliniambia. "Inakukataza kabla hujaunguza kitu."

Programu yetu ya kwanza ilijumlisha namba mbili, na ilituchukua siku nne. Ya pili ilikuwa ya chai. Alifunga nyaya za kihisi joto kwenye kile kisanduku cha skrubu, akachukua kikombe chake cha bati chenye chai ya moto, akatumbukiza kihisi. Kwenye skrini zikaja namba za ajabu, ndogondogo, zisizofanana na joto lolote. Nilisema kadi ni mbovu. Yeye alifungua kitabu, akasoma kwa nusu saa, halafu akasema, "Si mbovu. Inatuambia volti. Sisi ndio tunaotaka digrii, kwa hiyo kazi ya kugeuza ni yetu." Tukachora kijisanduku cha kuzidisha na kingine cha kujumlisha, tukaunganisha. Akatumbukiza tena kihisi. Mstari mwekundu ukapanda kwenye skrini taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo. Akakitoa kihisi, mstari ukashuka. Akakirudisha, ukapanda. Alifanya hivyo mara tano au sita. Chai ilipoa na hakuinywa.

"Inatufuata," alisema mwishoni.

Wanafunzi wa kwanza walihangaika. Waliuliza mstari wa kwanza wa programu uko wapi, na kompyuta inajuaje pa kuanzia. Mwalimu aliwauliza nani kati yao kwao kuna mfongo, ule mfereji wa asili unaoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya nyumbani. Mikono mingi ikanyooshwa.

"Zamu yako ya maji ikifika, unaanza kumwagilia saa ngapi?"

"Maji yakifika, Mwalimu," mmoja alijibu.

"Na kama shamba lako linapokea mifereji miwili, wa mbolea ya zizini na wa maji?"

"Nasubiri yote miwili."

"Basi. Kila kijisanduku ni shamba. Hakianzi mpaka vyote kinavyongoja vimefika. Usitafute mstari wa kwanza. Tazama maji yanatoka wapi."

Nimefundisha somo hilo mara nyingi tangu hapo, na sijapata maneno bora kuliko hayo.

Hakunywa pombe. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na kwenye sherehe aliomba soda ya moto. Lakini jirani yake kule Machame alikuwa bibi mpishi wa mbege, ile pombe ya ndizi, mwenye sifa mpaka ng'ambo ya mto, na Mwalimu akashikwa na hamu ya kujua ndani ya lile pipa mna nini. Wiki tatu alienda kila siku na kipimajoto, akaandika, kisha akaja kuingiza namba kwenye kompyuta. Bibi alimvumilia. Siku moja nilifuatana naye. Alisoma kipimajoto, akasema kwa sauti ya ushindi, "Bibi, leo imefika. Imekaa palepale tangu jana."

Bibi akachovya kidole, akalamba, akatazama juu. "Bado. Kesho asubuhi."

Mwalimu hakubisha. Alirudi kesho yake asubuhi, akakuta wanywaji wamekwisha jaa, wanaisifu. Alikaa wiki nzima akijaribu kuelewa kidole kile kilihisi nini ambacho kipimajoto hakikuhisi. Aliporudi kumuuliza, bibi alimjibu kwamba si kidole, ni povu, aliliona linavyopasuka. "Ulikuwa unaangalia kijiti chako," alimwambia, "ndiyo maana hukuliona." Mwalimu alinisimulia hayo akicheka. Natamani angeyakumbuka maneno hayo mwaka uliofuata.

Hapa naeleza jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha, kwa hiyo nami sina sababu ya kulificha.

Kikundi kimoja cha akina mama wafugaji kule juu kilikuwa na tangi la kupozea maziwa. Walileta maziwa ya asubuhi na ya jioni, na gari la mnunuzi lilipita alfajiri. Kwa majuma kadhaa maziwa yakawa yanakutwa yameanza kuchacha, na mnunuzi akayakataa. Nyumba nyingi zilitegemea maziwa hayo kwa karo na kwa dawa. Mwangalizi wa tangi alikuwa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Aika, na maneno yakaanza kuzunguka: kwamba mchana akibaki peke yake anazima tangi, achomeke pasi na kupiga nguo za watu. Kipimajoto cha tangi lenyewe kilikuwa kimekufa zamani. Mwenyekiti wa kikundi akashuka chuoni kuomba msaada.

Mwalimu hakusita. Tuliipakia kompyuta kwenye pikapu, skrini nikiipakata mimi imefungwa blanketi, tukaifunga kwenye chumba cha tangi. Tulichora programu inayosoma joto kila dakika na kuhifadhi. Kadi ilikuwa na nafasi ya vihisi vinane. Tulitumia moja.

"Moja inatosha," alisema. "Tunachotafuta ni joto."

Siku ya tano tulirudi. Mstari ulikuwa safi ajabu. Kila siku baada ya saa saba mchana joto lilianza kupanda, na karibu saa kumi na moja likaanza kushuka. Jumapili peke yake mstari ulilala chini kutwa nzima. Kamati ilikuwa imekusanyika mlangoni, na Mama Aika alikuwa amesimama nyuma yao, mikono ndani ya khanga. Mwalimu aliwaonyesha mstari kwa ncha ya kalamu, akasema, "Mnaona wenyewe. Kila mchana tangi linazimwa."

Neno moja. Mwenyekiti aligeuka akamtazama Mama Aika. Mtu akauliza Jumapili mwangalizi huwa wapi, mwingine akajibu kanisani, na hapo hapakuhitajika maelezo zaidi. Mama Aika alisema, "Sijazima. Nilishawaambia umeme unalegea." Alivua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza karibu na kompyuta yetu, akaondoka.

Tukiwa njiani kurudi Mwalimu alikuwa na furaha ya mtu ambaye kazi yake imesaidia watu. Furaha hiyo ilidumu siku tatu. Siku ya nne nilimkuta karakanani akiutazama mstari uleule.

"Fundi," aliniuliza, "yule mama alikuwa anatoka saa ngapi?"

"Saa tisa. Jioni anakuja mwingine kupokea maziwa. Anaingia saa kumi na mbili."

"Basi saa kumi na moja nani aliliwasha?"

Alichukua transfoma ndogo, akatengeneza kifaa cha kupimia nguvu ya umeme, akakipima dhidi ya mita tatu tofauti, na kesho yake tulikuwa njiani tena. Safari hii tulifunga mistari miwili, joto na umeme. Hatukuhitaji siku nne. Saa saba na dakika chache mashine ya kusaga ya jirani iliwashwa, ikanguruma mpaka ukuta ukatetemeka, na taa ya chumbani ikafifia. Kwenye skrini mstari wa umeme ulianguka. Kompresa ya tangi, ile mota ya kupoza, ilijaribu kuzunguka, ikashindwa, ikajizima yenyewe, na kwa kelele za mashine hatukuisikia ikinyamaza. Mwenye mashine alikuwa mkulima. Asubuhi alikuwa shambani, mchana alisaga, saa kumi na moja alifunga, na kompresa ikaamka. Jumapili hakusaga.

Mwalimu aliangalia kwa muda. Kisha akanawa mikono kwenye ndoo ya maziwa iliyokuwa na maji, akaniambia, "Twende kwake."

Tulimkuta Mama Aika nyuma ya nyumba akikatia ng'ombe majani. Alitukaribisha kwa adabu, akatuletea kigoda kimoja. Mwalimu hakukaa. Alimweleza yote, mashine, umeme, kompresa, bila kujitetea popote. Mama Aika aliendelea kukata mpaka Mwalimu alipomaliza.

"Taa ilikuwa inafifia," alisema. "Kila siku akianza kusaga."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalijua hilo, Mwalimu. Ile kompyuta uliiuliza siku nne. Mimi uliniuliza lini?"

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akafunga mzigo wake wa majani. Mwalimu alisimama amekamata kofia yake kwa mikono yote miwili. Nilikuwa sijawahi kumwona akikosa la kufanya na mikono yake.

Aliomba mkutano uitishwe, na si wa kamati bali wa kikundi chote, kwa sababu, alisema, maneno yalikwisha kufika kwa wote. Jumamosi ile walijaa akina mama zaidi ya arobaini. Mwenyekiti alimtaka akae meza kuu, akakataa, akasimama pale chini mbele yao.

"Nilisema tangi linazimwa," aliwaambia. "Mstari haukuniambia hivyo. Mstari uliniambia joto linapanda. Hilo la kuzimwa nililiongeza mimi. Nilipaswa kusema linazimika, ninyamaze hapo, nikatafute sababu. Mama huyu mlimtoa kazini kwa herufi zangu mbili, ile 'wa' ya mwisho, na kwa kutomuuliza. Namwomba radhi mbele yenu."

Bibi mmoja mbele akasema, "Na sisi tulikuwa tumeshaamua kabla kompyuta haijaja. Tusimwachie mwalimu mzigo wote." Mwenyekiti akainamisha kichwa.

Walikubaliana na mwenye mashine asubiri wiki mbili bila kusaga mchana, mpaka mafundi wa umeme walipotenganisha laini. Maziwa yakakubaliwa tena. Mama Aika alirudi kwenye tangi baada ya mwezi, kwa sharti kwamba atakuwa na daftari lake ukutani, aandike anachokiona, na kamati ilisome kila Jumatatu. Mwalimu alipopita kule, mama huyo alimpa maziwa kama mgeni yeyote. Lakini hakumwita tena Mwalimu. Alimwita "baba wa nyaya," na yeye aliitika.

Alibadilisha somo lake kuanzia muhula ule. Zamani mwanafunzi alianza kwa kuiwasha kompyuta. Sasa alianza kwa kutumwa kwa mtu anayeishi na mashine fulani, mpika chapati, mlinzi wa pampu, msagaji, akae naye nusu siku, amuulize maswali, alete majibu. Wengine walinung'unika kwamba walikuja kusomea kompyuta na si kupiga soga. Aliwasikiliza, akawatuma vilevile. Programu isiyotanguliwa na majibu hayo hakuisahihisha, hata iwe nzuri namna gani.

Alistaafu, akahamia kihambani. Mimi nilipata nafasi ya kusoma zaidi, nikaondoka Moshi miaka michache, nikarudi. Tukawa tunasikiana kwa salamu za watu.

Miaka baadaye niliombwa kuendesha mafunzo ya wiki moja mjini, ya kuwaanzishia mafundi wa viwandani programu ileile. Sasa ilikuwa toleo jipya kabisa, kila kitu kimehama, hata rangi za nyaya. Jumatatu asubuhi niliingia ukumbini nikiwa na laptop yangu na orodha ya washiriki ambayo sikuwa nimeisoma vizuri. Kwenye safu ya tatu, kati ya vijana wawili wenye simu mezani, alikuwa amekaa yeye, nywele zote nyeupe, miwani minene, daftari jipya limefunguliwa ukurasa wa kwanza.

Nilimfuata pale alipo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, ungeniambia unakuja. Ningekuomba ufungue mafunzo."

"Nimejiandikisha kusoma," alisema. "Nimelifungua toleo hili kwa mjukuu wangu, sikuona hata pa kuanzia. Ufunguzi afungue anayejua."

Niliwaambia vijana kwamba huyu ndiye aliyenifundisha. Walimtazama, wakasogea kumpa nafasi, na yeye akanionyesha kwa mkono kwamba niende mbele, muda unapita.

Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi, kusoma kihisi kimoja na kuchora mstari. Nilipita kati ya meza nikitazama kazi zao. Nilipofika kwake nikaona mshale wake ni mzima, programu inakwenda, namba zinakuja, lakini ameunganisha waya wa kugeuza mahali pasipo pake, na joto lake lilikuwa la uongo. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha nakili kutoka kwake. Nilisimama. Nilifikiria kupita, nije nimwambie kwa siri wakati wa chai.

Alikuwa ameinua uso, ananisubiri.

"Kuna kosa?" aliuliza.

"Lipo, Mwalimu."

"Basi liseme, wenzangu nao wasikie. Wamenifuata."

Nikalisema, kwa sauti ya kufika safu ya nyuma: waya uko wapi, ungepaswa kuwa wapi, na kwa nini. Alisogeza miwani, akafuata waya ule kwenye skrini kwa kidole bila kuigusa, kutoka mwanzo wake hadi mwisho. Akaufuta. Akachora mwingine, polepole, akiwa ametoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Kisha akachukua kalamu, akaandika katika daftari lake namba moja, na mbele yake kosa lake lote, neno kwa neno kama nilivyolisema.

"Asante, Mwalimu," aliniambia. "Tuendelee."